Gunzi lililochapwa viboko

Siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha, mwaka 2015, nilirudi shuleni nikakuta jina langu limehamishwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani mwa ofisi. Hisabati ya darasa la tano na la sita, somo nililolipenda tangu nikiwa mwanafunzi, alikuwa amepewa mwenzangu. Nikashusha macho hadi chini kabisa ya karatasi, huko ndiko nilikojiona: darasa la awali.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. "Mkuu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Madam. Una mtoto mchanga, kule utapumzika kidogo."

Alisema kwa nia njema, na hakuwa amebuni yeye. Ndivyo ilivyokuwa katika shule nyingi: awali anapewa aliyetoka kujifungua, anayekaribia kustaafu, au ambaye afya yake ina mgogoro. Ofisini wenzangu wakaanza kuniita mwalimu wa vidudu. Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma. Nilikuwa nimekaa chuoni miaka miwili nikapata cheti changu cha Daraja A, na katika miaka hiyo miwili sikumbuki kama niliwahi kukaa na watoto wa miaka mitano hata asubuhi moja.

Shule yenyewe ilikuwa Maswa, mkoani Simiyu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, nimekulia kwenye baridi na ukungu, mahali ambapo ukitoka nje unapanda au unashuka. Huku nilikuta tambarare isiyokwisha, mashamba ya pamba, mibuyu, na vumbi linaloingia hadi kwenye chai. Lugha ya nyumba kwa nyumba ni Kisukuma. Mtoto wa miaka mitano huko anaweza kuwa hajawahi kuambiwa neno la Kiswahili na mtu wa kwao, labda alisikie redioni au siku ya gulio.

Miezi ile ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundisha darasa la sita, ila kwa sauti kubwa zaidi. Irabu ubaoni, fimbo ya mwarobaini mkononi, watoto wanaitika kwa pamoja. A! E! I! Waliitika vizuri sana. Ungepita dirishani ungesema kazi inafanyika. Kwa kweli walikuwa wanaimba sauti wasizojua zina uhusiano gani na michoro ile, na mimi nilikuwa nasubiri kengele nikamnyonyeshe mwanangu.

Kisha ikaja Januari 2016. Serikali ilikuwa imetangaza elimumsingi bila ada, na awali ikiwa ndani yake. Siku ya kwanza ya uandikishaji foleni ilizunguka mti wa mkwaju ikatokea upande wa pili. Kina mama, kina bibi, kaka wakubwa waliobeba wadogo zao mabegani. Nilifunga daftari kwenye mtoto wa 143. Mwongozo unasema mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Nilikuwa na chumba kimoja, dawati hakuna hata moja, na magunia matupu ya pamba tuliyoyatandika sakafuni. Simlaumu mtu kwa hilo. Wale watoto walikuwa na haki ya kuja, na walikuja. Ila naomba anayeniuliza kwa nini nilishika fimbo akumbuke ile namba, halafu akishaikumbuka aendelee kunilaumu, maana fimbo haikupunguza hata mtoto mmoja.

Kulikuwa na mvulana mmoja, mdogo kuliko umri wake, shati la kaka yake likimfika magotini. Asubuhi moja alinijia mezani akasema, "Minzi." Nilikwisha kujua neno hilo, ni maji. Lakini mkutano wa walimu ulikuwa umekazia kwamba shuleni ni Kiswahili tu, nami nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Nikamwambia, "Sema maji." Akanitazama. "Minzi." "Sema ma-ji." Akarudi kwenye gunia lake akakaa. Nikaendelea na somo, nikimsubiri ashindwe na kiu aseme. Hakusema. Alikaa hadi saa sita bila kunywa, bila kulia, na kengele ilipolia akatoka polepole kuelekea kwenye ndoo.

Usiku ule nilimsimulia mume wangu kama kichekesho, jinsi watoto wa huku walivyo wabishi.

Wiki mbili au tatu baadaye, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa kwenye kivuli, mwanangu mgongoni amelala. Upande wa pili wa ukuta watoto kama saba walikuwa wanacheza shule. Niliwachungulia kwa sababu nilisikia sauti yangu. Msichana mmoja alikuwa amejifunga kanga ya mdogo wake kiunoni, ametia jiwe mgongoni kama anambeba mtoto, na ameshika kijiti. Alikuwa anatembea kama mimi, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, kitu ambacho sikukijua hadi siku ile. Alikuwa anakuna kichwa kwa ncha ya kalamu. Alitoa simu, kipande cha mti, akaitazama, akasonya, akairudisha. Wenzake wakafa kwa kicheko.

Mbele yake, kwenye mstari, walikuwa wanafunzi wake: magunzi ya mahindi, yameegemezwa ukutani. Akalielekezea moja kijiti. "Sema maji!" Kimya. "Sema maji!" Mtoto mwingine aliyekuwa nyuma ya gunzi akasema kwa sauti nyembamba, "Minzi." Basi lile gunzi likachapwa. Si mara moja. Alilichapa huku akitaja siku za wiki, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kwa Kiswahili kisicho na kosa, nilichokuwa nimemfundisha mimi.

Mwanangu aliamka mgongoni akalia, wakageuka wakaniona. Yule msichana alitupa kijiti na kuanza kutetemeka. Sikujua la kufanya. Nilikwenda nikaliokota gunzi, nikalipangusa vumbi, nikamrudishia. Sikusema neno, na hata leo sina hakika kama aliniona nimekasirika au nimefanya nini. Lakini kengele ilipolia sikuingia na fimbo. Kanuni za serikali, kwa wanaopenda kanuni, zinasema adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, visizidi vinne, na viandikwe. Katika shule nilizozifahamu kila mwalimu alikuwa na fimbo yake kama alivyo na kalamu yake, na hakuna aliyekuwa anaandika chochote. Mimi niliacha kwa sababu nilikuwa nimejiona, kanuni sikuzikumbuka hata kidogo.

Nisidanganye kwamba kesho yake darasa lilitulia. Watoto 143 bila fimbo, na bila njia nyingine mkononi, ni kama gulio la Jumamosi. Kwa karibu mwezi mzima nilipoteza sauti. Mwenzangu wa darasa la kwanza alikuja kuniuliza kama naumwa.

Aliyeniokoa hakuwa mkufunzi wala kitabu. Wakati huo mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulikuwa ukiendesha mpango wa utayari wa kwenda shule katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo: wiki chache za hadithi na michezo kwa watoto waliokosa awali, wakifundishwa na watu wa kujitolea kutoka kijijini. Kwenye kitongoji cha mbali cha kijiji chetu alichaguliwa mama mmoja, mkulima wa pamba na dengu, elimu yake kidato cha nne. Nilitumwa kwenda kumwangalia, mimi mwenye cheti nikamsaidie asiye nacho. Nilikwenda na daftari la kuandika makosa yake.

Alikuwa amekaa chini. Hilo ndilo la kwanza nililoliandika, kwamba mwalimu amekaa chini, kama kosa. Watoto walikuwa wamemzunguka, anasimulia habari za sungura na fisi kwa Kisukuma, na kila anapofika kwenye neno fulani anasimama, wanalisema kwa Kiswahili, wanaendelea. Fisi alipokwenda kisimani walisema wote "maji!" bila kuambiwa. Hakuna aliyekuwa na kiu.

Nilimwomba akimaliza wiki zake aje kwangu. Akaja, siku tatu kwa wiki, kwa kilo chache za mahindi ambazo kamati ya shule iliafiki baada ya mabishano marefu. Nilimwita mama, kwa kuwa alinizidi umri; yeye aliniita mwalimu hadi mwisho, japo mafunzo yalikuwa yanatoka kwake kuja kwangu. Tuliwagawa watoto makundi mawili, moja ndani na moja chini ya mkwaju, tukawa tunabadilishana. Kipindi cha awali kilikuwa dakika 20 tu, na nikaelewa kwa nini: mtoto wa miaka mitano akivuka hapo anakuwa amekaa kwa heshima yako, akili imeshaondoka. Alinifundisha mwangaluka ya asubuhi na wabeja ya kushukuru, akanisahihisha matamshi mbele ya watoto, nao wakafurahi mno kuona mwalimu naye anakosea.

Ila kikubwa alichokuwa nacho ni macho. Kulikuwa na mtoto niliyemwandika kwenye daftari la maendeleo neno moja, "mzito". Unampa agizo, anatazama pembeni. Yule mama alikaa naye asubuhi mbili, ya tatu akaniambia, "Mwalimu, huyu kila anapoitwa anageuza shingo upande mmoja." Tukamsogelea. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha, na ukilikaribia utasikia harufu. Mimi nilikuwa nimekaa naye tangu Januari. Bibi yake alimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudi, tukamhamishia upande ambao sikio zima lingenielekea. Kufikia Septemba alikuwa mmoja wa wasumbufu wakubwa wa darasa.

Nililifuta neno "mzito" kwa wembe, kama tulivyokuwa tunafuta wino zamani. Nililikwangua hadi karatasi ikatoboka. Tangu hapo kwenye daftari lile naandika nilichokiona tu. "Hakujibu nilipomwita mara mbili." "Amekaa peke yake leo." "Amekula uji wa mwenzake." Inachukua muda mrefu zaidi, na mthibiti ubora mmoja aliwahi kuniuliza kama naandika hadithi.

Kuna kosa jingine ambalo ni dogo ukilisimulia, lakini ndilo linalonirudia nikiwa nimelala. Mtoto mmoja alikuwa amechora ng'ombe kwa mkaa, ng'ombe mzuri kweli, pembe za kuning'inia. Nikamsifu, nikasema, "Kesho nitakuletea kalamu ya rangi." Nikasahau. Kesho yake alikuja akasimama karibu na meza yangu mikono nyuma. Nikamwambia kakae. Keshokutwa akaja tena. Nilidhani ana tabia ya kuzurura. Ilikuwa siku ya tisa, nimezihesabu baadaye kwenye mahudhurio, ndipo nilipomuuliza anataka nini, akaangalia chini, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Kesho."

Alikuwa anasubiri kesho. Nilikwenda dukani saa ile ile na kuacha darasa na yule mama. Siku hizi siwaahidi watoto kitu. Kama ninacho nakitoa, kama sina nasema sina. Walimu wenzangu wanaona ni ukavu. Na iwe hivyo.

Wazazi nao walikuwa na lao. Maswa mjini kulikuwa na chekechea za kulipia ambazo mtoto anarudi nyumbani na daftari limejaa vema nyekundu, na jirani akiliona anaona ndiyo elimu. Wa kwangu walikuwa wanarudi na vizibo vya soda mfukoni. Baba mmoja alinifuata akiwa na baiskeli yake, hakushuka, akaegemeza mguu mmoja chini. "Mwalimu, mwanangu nimemleta kucheza?"

Mtaala wa mwaka 2016, ule wa Taasisi ya Elimu, ulikuwa upande wangu, unasisitiza michezo na kona za kujifunzia. Lakini huwezi kumsomea mtaala mtu aliyeacha palizi kuja kukuuliza jambo la maana. Nikamwambia, "Baba, karibu ukae mpaka saa nne, halafu uniambie wewe."

Alikaa kwenye tofali, kofia magotini. Siku ile watoto walikuwa na mizani: kijiti kilichoning'inizwa kwa kamba, kopo huku na kopo kule. Tulikuwa tunapima mawe na mbegu za ubuyu, lipi zito, lipi jepesi, tuongeze ngapi zilingane. Mwanawe alikuwa anapima, na mwenzake alikuwa anaegemea kijiti kwa kidole ili kopo lake lishuke. Mwanawe akaona. Akampiga kofi la mkono, wakaanza kugombana kwa Kisukuma.

Baba akacheka hadi akasimama. Mkulima yeyote wa pamba anajua habari ya mizani. Kila msimu utasikia wanalalamika kwamba kilo zilizotoka nyumbani si zilizofika. Akaniambia, "Huyu mfundishe hivyo hivyo, mwalimu, nisije nikaibiwa na yeye akiwa amesimama hapo." Jumatatu alileta mizani mpya aliyoichonga mwenyewe, mti umenyooka, kamba za katani. Ilidumu kuliko mimi pale shuleni.

Kina mama walianza kuleta michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, vinatafunwa vikavu au vinapikwa, na mtoto akiwa navyo mfukoni anaweza kukaa hadi mchana. Uji wa shule ulikuwa unategemea mavuno. Mwaka wa njaa sufuria linapinduliwa. Hapo nilijifunza kuuliza kwanza mtoto amekula nini kabla sijauliza kwa nini hasikilizi. Swali hilo halimo kwenye andalio la somo, ila bila jibu lake andalio lote ni karatasi.

Mwaka 2018 niliomba kujiendeleza, nikasoma stashahada ya elimu ya awali. Nilikopa kwa mshahara, na mume wangu alilea kwa miaka hiyo bila kunikumbusha, jambo ambalo nalitaja hapa kwa sababu wanaume wakifanya hivyo hawatajwi. Chuoni ndipo nilipojua kwamba Montessori ni mtu. Mimi nilidhani ni jina la shule za watu wenye uwezo, kwa sababu mabango yake niliyaona Arusha na Moshi kwenye mageti makubwa. Kumbe yule mama alikuwa daktari wa Kitaliano, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma, kwa watoto ambao wazazi wao wakienda vibaruani walibaki wakichafua kuta. Aliwapa vitu vya kushika, akakaa pembeni kuwatazama. Nilisoma kurasa zile nikamwona mama yangu wa Maswa, na dengu zake, na hadithi ya fisi. Hakuwa amemsikia Montessori, wala sidhani angeshangaa.

Sitayapamba masomo. Mengine yalikuwa ya kukariri, na mkufunzi mmoja alitufundisha umuhimu wa michezo kwa kutusomea kurasa saa mbili nzima tukinakili. Lakini yalinipa majina ya vitu nilivyokuwa navyo bila majina, na ukishakuwa na jina la kitu unaweza kukitetea mbele ya ofisa. Niliporudi na kuambiwa naweza kurudishiwa hisabati ya madarasa ya juu, nilikataa. Mwalimu mkuu, sasa ni mwingine, alidhani hakusikia vizuri.

Yule mama wa hadithi nilimwacha Maswa nilipohamishiwa wilaya nyingine. Siku ya kuagana aliniletea debe la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, akaniambia kwa Kisukuma maneno ambayo nusu yake niliyaelewa, na sikumwomba arudie kwa Kiswahili.

Shule niliyopo sasa ina watoto 61 wa awali. Wawili ni pacha, Kulwa na Doto kama ilivyo ada, na kwa wiki tatu walikuwa wananywa uji mara mbili kila mmoja kwa kubadilishana majina kwenye foleni. Nilijua siku ya pili. Niliacha kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na kwa sababu uji ulikuwepo.

Mwaka huu tulipokea mwalimu mpya wa ajira, kijana, amevaa tai. Katika kugawa vipindi akapangiwa awali pamoja nami. Nilimwona ameisoma ratiba, ameirudia, kisha akanifuata kwenye korido.

"Madam, samahani. Nimekosa nini?"

Nikampa kigoda. Nikamwambia akiweke pale nyuma karibu na kona ambayo watoto wanaigiza mambo ya nyumbani, akae wiki moja, asifundishe kitu, aandike anachokiona tu. Alinitazama kama mtu aliyepewa adhabu juu ya adhabu. Jumatatu alikaa amekunja mikono. Jumanne alitazama simu. Jumatano nilimwona ameanza kuandika.

Alhamisi wakati wa mapumziko alikuja ofisini mbio, tai ameilegeza, anacheka huku anaona haya. Watoto walikuwa wamefungana majani ya mgomba shingoni na mmoja alikuwa anapita katikati yao, kifua mbele, mikono mfukoni.

"Madam," akasema, "kwani mimi natembea hivi?"